Siku ya Kuzaliwa ya Doto

Kabla sijasimulia lililotokea, yafaa nieleze jinsi mambo yalivyokaa mwezi ule wa Agosti, kwa kuwa yote yaliyofuata yalitokana na hali hiyo.

Rafiki yangu, fundi wa vyuma niliyekaa naye dawati moja katika shule ya mapadre jirani na Kipalapala, alikuwa na karakana nyuma ya stesheni ya Tabora. Ukutani, juu ya meza yenye jiliwa la kubania vyuma, alikuwa ametundika hati mbili za hataza ndani ya fremu za mninga alizozichonga kwa mikono yake. Ya kwanza ilihusu mashine ya kukamulia asali, na ya pili ilihusu chujio la asali. Hataza, kwa msomaji asiyelizoea neno hilo, ni haki anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza alichokibuni bila idhini yake. Haki hiyo hudumu kwa muda uliowekwa, kisha hukoma, na kitu kile huwa cha watu wote. Ada za kila mwaka za kuzidumisha hataza zile zilikuwa zimelipwa bila kukosa. Mashine ya kukamulia haikuwa na wanunuzi tena, maana zilikwisha kuingia nyingine nyepesi kutoka nje ya nchi. Chujio ndilo lililoilisha karakana.

Binti yake wa pekee, mhandisi wa mitambo, alikuwa ameacha kazi ya kiwandani Dar es Salaam ili arudi nyumbani kuishika karakana, kwa sababu baba yake alikuwa amemhakikishia kwamba chujio lingebaki mali yao kwa miaka mingine sita na zaidi. Huko Nzega, fundi mmoja aliyejifunza kazi katika karakana hiyohiyo alikuwa ameanza kutengeneza machujio ya namna ileile. Nami nilikuwa nimestaafu kufundisha sheria ya haki za wavumbuzi, nimerudi kuishi nje kidogo ya mji, nikisoma Kilatini changu na kulima mihogo. Hakuna aliyekuwa amegombana na mwenzake. Kitu ambacho hakikuwa kimekubaliwa, ingawa hakuna aliyejua kwamba hakijakubaliwa, kilikuwa kimoja tu: chujio lile lilizaliwa siku gani.

Asali niliyoijua utotoni ilikuwa nyeusi. Ililetwa kwa baiskeli kutoka Sikonge, ndani ya madebe yaliyofungwa kwa mpira wa tairi, na ilinuka moshi kabla hujafungua kifuniko. Mama yangu aliipitisha katika kipande cha kanga kilichochakaa, akatoa nta, miguu ya nyuki na vipande vya magome, na bado ukiilamba ulisikia mchanga kwenye meno. Asali ilipokuwa nzito, watu waliibandika jikoni ili itiririke; ikitiririka, ile harufu ya maua ya miyombo ilikuwa imekwenda zake na mvuke. Hatukujua kwamba kuna kilichopotea. Tuliijua hivyo, tukaipenda hivyo, na hata leo nikinusa asali iliyoungua kidogo huwa narudi mara moja kwenye jiko la mama yangu, ambalo halipo tena.

Rafiki yangu hakuipenda hivyo. Padre aliyetufundisha Kilatini alifuga nyuki nyuma ya kanisa, na kila aliyeshindwa kunyambua vitenzi alitumwa kwenda kusaidia kukamua masega siku ya Jumamosi. Rafiki yangu alishindwa karibu kila wiki. Mimi nilikuwa nafaulu, nikapewa ruhusa ya kukaa maktaba. Yeye aliadhibiwa kwa asali, mimi nikatuzwa kwa vitabu, na kila mmoja wetu aliamini kwamba mwenzake ndiye aliyeonewa. Huko nyuma ya kanisa ndiko alikoanza kuuliza kwa nini lazima asali iungue ndipo iwe safi.

Jibu alilipata akiwa mtu mzima, mwenye karakana yake. Alitengeneza pipa la kuta mbili, akapitisha maji ya uvuguvugu katikati ya kuta hizo, ndani akaweka vitambaa vya kuchujia vilivyopangwa kwa kushuka. Asali ilipata joto la kuitiririsha, lakini haikukutana na moto. Pamoja na pipa hilo alitengeneza mashine ya parafujo ya kukamulia masega. Wakulima wa Sikonge walipoona asali inatoka chini ya pipa ikiwa na rangi ya chai hafifu, mmoja wao alimwambia, "Fundi, hii umetia maji." Rafiki yangu alisimulia maneno hayo kwa miaka mingi, akiyaona kuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa.

Sasa nieleze hataza zile zilivyopatikana, kwa utaratibu, maana hapa ndipo palipozaa matatizo.

Kwanza alipeleka ombi katika ofisi ya taifa, akieleza mashine na chujio kwa pamoja, katika karatasi zilezile. Sheria humpa mwenye ombi la kwanza miezi kumi na miwili ya kupeleka ombi la uvumbuzi uleule kwingineko na kudai kipaumbele, yaani kutendewa kana kwamba aliwatangulia wote waliopeleka ombi katikati ya miezi hiyo. Akaitumia nafasi hiyo. Kabla mwaka haujaisha, mwishoni mwa Juni, alipeleka ombi la pili katika ofisi ya kanda, ile inayohudumia nchi kadhaa kwa ombi moja, na huko ndiko hataza zake zilikotoka. Mchunguzi wa ofisi hiyo alilisoma ombi akajibu kwamba humo mna uvumbuzi wa aina mbili, na kwamba hataza moja haiwezi kubeba aina mbili, aligawe. Wakala aliyemwakilisha katika ofisi hiyo aliligawa. Mashine ilibaki katika ombi la awali, ambalo wenye kazi hii hulipenda kuliita ombi mama, na chujio likatolewa likawekwa katika ombi lake la mgawanyo.

Nakumbuka siku aliyokuja kwangu na habari hiyo. Nilikuwa nimefika likizo kutoka chuoni. Aliingia uani bila kubisha hodi, kofia ikiwa imempanda kisogoni.

"Wamenizalisha mapacha!" alisema.

"Nani kakuzalisha?"

"Wazungu weusi wa ofisini. Nimepeleka mimba moja, wamenirudishia wawili. Sasa nina Kulwa na Doto."

Kwetu Unyamwezini, kama ilivyo kwa ndugu zetu Wasukuma, pacha anayetangulia kutoka huitwa Kulwa na anayemfuata huitwa Doto. Tangu siku hiyo mashine ikawa Kulwa na chujio likawa Doto, si kwake tu bali kwa wateja wake wote, hata ukasikia mtu wa Usoke akiuliza sokoni kama fundi anaye Doto mkubwa au anao wadogo tu.

Hati ya Kulwa ilifika baada ya miaka minne hivi. Ya Doto ilichelewa, ikafika katika mwaka wa sita tangu ombi la Juni, kwa kuwa maombi yanayogawanywa hupita tena katika foleni ya uchunguzi. Kila hati ilipofika alichinja mbuzi. Katekista alisali, wake za majirani walipiga vigelegele, na hati ikapigiwa misumari ukutani. Ukiniuliza leo ni sherehe ipi iliyokuwa nzuri zaidi, nitakwambia ya Doto. Mvua ilikuwa bado, jioni ilikuwa na ubaridi, na mke wake, ambaye sasa ni marehemu, alitupikia wali wa Igunga na kutulazimisha tule chungu kizima. Rafiki yangu alisimama, akainyanyua hati kwa mikono miwili kama padre anavyoinua Injili, akasema, "Leo Doto amezaliwa."

Hakuna aliyempinga. Sherehe si mahali pa kumpinga mtu. Lakini ili msomaji aelewe kwamba maneno yale hayakuwa ya furaha tu, sharti nieleze habari za kaka zake.

Rafiki yangu alikuwa na kaka wawili mapacha, Kulwa na Doto wa kweli. Walizaliwa usiku mmoja. Kulwa alitoka dhaifu, hivyo katekista akambatiza kitandani kabla hakujapambazuka. Doto alitoka akipiga kelele, mwenye afya. Wakaona huyu anaweza kumngoja padre. Padre wa kuzunguka vijijini alikawia, na kabla hajafika familia ilihamia upande wa Urambo, wakamkosa huko pia, hadi Doto akabatizwa anatembea. Walipotakiwa kuandikishwa shule, mzee wao alipeleka vyeti vya ubatizo, kwa sababu hizo ndizo karatasi alizokuwa nazo, na akaonyesha kwa kidole tarehe iliyokuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, ambayo ilikuwa ya ubatizo. Kulwa akaanza shule mwaka mmoja, Doto mwaka uliofuata. Wote wawili waliajiriwa. Kulwa alistaafu kwanza, na Doto, pacha wake, akaendelea kwenda kazini mwaka mzima zaidi. Kila asubuhi alipopita na baiskeli yake, Kulwa alikaa barazani akimzomea: "Nenda, mdogo wangu, nenda! Mimi nilipokuwa na umri wako nilikuwa nafanya kazi pia!"

Nyumba nzima ilicheka, na bila mtu kukusudia, somo likawaingia: siku ya mtu ni siku ya cheti chake.

Binti alifika kwa treni siku ya Jumatano. Jumamosi iliyofuata niliitwa karakanani. Nilikwenda kwa miguu, kwa ile njia ya zamani ya misafara ipitayo upande wa Kwihara, ambayo siku hizi ni ya bodaboda na mikokoteni ya kuni. Tulipokuwa shuleni tulipitishwa njia hiyo kwenda mjini wakati wa sikukuu, wawili wawili, na padre wetu alitumia mwendo huo kutufundisha hesabu ya siku za Warumi. Warumi, alisema, walihesabu siku ya kuanzia pamoja na siku ya kuishia, ndiyo maana kijana wa shule aliyehesabu kwa desturi ya kwao alizidisha au kupunguza moja kila mara. Kisha akatuuliza siku huanza lini. Wengine tulisema magharibi, kama tulivyosikia nyumbani, ambako usiku wa Alhamisi hutangulia Alhamisi yenyewe. Wengine walisema saa sita ya usiku, kama kengele ya seminari. Rafiki yangu alisema siku huanza unapopigwa kiboko cha kuamshwa. Padre alicheka hadi akasimama. Nilipopita mahali hapo Jumamosi ile, hakuna kitu kilichobaki cha kupaonyesha isipokuwa mteremko mdogo na mfereji. Hata hivyo nilisimama kidogo.

"Shikamoo, baba mdogo," binti alinipokea mlangoni. Alikuwa tayari amevaa ovaroli ya baba yake, mikono imekunjwa mara mbili.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutusalimia au umerudi?"

"Nimerudi. Hata godoro nimekuja nalo."

Baba yake alikuwa amekaa juu ya pipa lililofunikwa gunia. "Umechelewa, padre uliyekosa altare," alisema. "Keti. Nataka uandike barua moja kali kwa yule wa Nzega. Lakini usiiandike kwa Kilatini, atafikiri amelaaniwa."

"Afadhali laana yangu kuliko salamu zako. Niandike nini?"

"Andika kwamba chujio hili lina mwenyewe, na huyo mwenyewe hajafa. Doto yupo. Mwambie asubiri miaka sita na miezi yake, ndipo aguse. Kabla ya hapo akigusa tunaonana naye mahakamani."

Binti alikuwa ameshika kalamu na daftari, tayari kunisaidia. Nilimuuliza rafiki yangu alikuwa amehesabu kuanzia wapi.

"Hapo ukutani," alijibu. "Soma mwenyewe, si una miwani miwili?"

"Umehesabu miaka ishirini tangu siku ya hati."

"Tangu siku gani tena? Siku ya harusi yangu?"

Nilimwomba binti aichomoe hati ya Doto katika fremu yake. Tuliiweka mezani, tukaifuta vumbi la chuma. Niliwaonyesha mstari wa tarehe ya kutolewa hati, ule ambao rafiki yangu aliujua kwa moyo. Kisha nikashuka hadi mstari wa tarehe ya kuwasilisha ombi. Hapo ilikuwapo ile siku ya mwisho wa Juni, sawasawa na iliyokuwa katika hati ya Kulwa.

"Hiyo najua," rafiki yangu alisema. "Hiyo walikosea. Walikuwa wananakili ya Kulwa, mpiga chapa akasahau kubadilisha. Nimeiona miaka yote."

"Hawakukosea."

"Doto alipelekwa baadaye! Wewe si ulikuwapo?"

"Karatasi zake zilipelekwa baadaye. Lakini yeye alikuwa tumboni mwa ombi la Juni. Hukuongeza hata neno moja. Kila ulichokieleza kuhusu chujio ulikuwa umekwisha kukieleza siku ile, pamoja na mashine. Ombi lililogawanywa hubeba siku ya ombi mama, na miaka ishirini huanza kuhesabiwa hapo. Ingekuwa vinginevyo, kila mtu angegawa ombi lake kila mwaka, asizeeke milele."

"Na hati je? Hati si ndiyo ya serikali?"

"Hati inakwambia umekubaliwa lini. Haikwambii umezaliwa lini. Sheria hii haimsikilizi padre, humsikiliza mkunga."

Aliweka kidole juu ya tarehe ya kutolewa hati. Nilijua anawafikiria kaka zake, nami nilikuwa nawafikiria pia.

Binti ndiye aliyeuliza. "Baba mdogo, kwa hiyo Doto anaisha lini?"

"Juni ijayo. Siku moja na Kulwa."

Alirudisha kofia kwenye kalamu, taratibu. Nilimwona anahesabu moyoni, na hesabu yake ilikuwa rahisi: msimu mmoja wa asali wa kuuza kwa hakika, na sehemu ya msimu wa pili. Ni kwa ajili ya miaka sita alikuwa ameacha kazi. Na miaka hiyo sita ilikuwa imetoweka juu ya meza ile, bila mtu kuiba wala kudhulumu.

Rafiki yangu hakukubali upesi. Aliinuka, akaanza kutafuta mlango. Alikumbuka ombi lile la kwanza kabisa, la ofisi ya taifa, akaliona kuwa linaweza kumsaidia.

"Ngoja. Kuna siku nyingine kabla ya Juni. Ile ya kwanza. Hiyo nayo inaingia wapi? Au nayo mtasema imekula miaka yangu?"

"Hiyo imekuhurumia," nilimwambia. "Siku ya kipaumbele inakulindia nafasi, haikuongezei umri wala haikupunguzii. Ni kama unapoweka ndoo kwenye foleni ya bomba halafu ukaenda kupika. Ndoo inasema wewe umewatangulia waliokuja nyuma yako. Lakini maji hayahesabiwi mpaka ufungue koki. Koki uliifungua Juni. Kama wangehesabu tangu ndoo, Doto angekuwa amekwisha kufa mwaka huu."

"Nishukuru, siyo?"

"Sikusema ushukuru."

"Na lile bomba la chini, la kutolea asali?" binti aliuliza. "Baba alilibadilisha. Machujio ya siku hizi si sawa na yaliyo kwenye hati."

Lilikuwa swali zuri, na ningependa kuwa na jibu zuri. Nilimweleza kwamba kitu kipya kikiongezwa huwa na ombi lake na siku yake, na humlinda mwenyewe kwa kile kilichoongezwa tu. Lile la zamani hubaki na siku yake ya zamani. Lakini sharti kiwe kipya siku ombi linapopelekwa. Bomba la chini lilikuwa limeuzwa Sikonge, Usoke na Nzega kwa miaka, na kila aliyelinunua alikuwa amelifungua akaona ndani yake. Lilikuwa limekwisha kuwa la watu.

"Kumbe ningelificha," alisema rafiki yangu.

"Usingelificha. Ungelipeleka kwanza, ndipo uliuze."

"Ningelipeleka kila nikibadilisha skrubu? Ningechuja asali saa ngapi?" Aligeukia ukuta, akashika fremu tupu ya mninga iliyobaki kwenye msumari, akainyoosha ingawa haikuwa imepinda. "Kaka zangu walizaliwa usiku mmoja," alisema akiwa ametupa mgongo, "na hawakustaafu siku moja, na hawakuzikwa siku moja. Wewe unaniambia hawa wangu watakwenda pamoja."

"Ndivyo."

"Nenda nyumbani, mwalimu. Barua utaiandika kesho."

Niliondoka. Binti alinisindikiza, kama ilivyo desturi, na kwa kuwa hatukuwa tumemaliza kuzungumza alinisindikiza mbali kuliko desturi, hadi tulipoacha maduka nyuma na kuingia katika njia ya zamani. Magunia ya tumbaku yalitupita juu ya baiskeli, yakinuka kama mkate ulioloweshwa.

"Alinipigia simu usiku wa Pasaka," alisema. "Akaniambia, 'Mama, Doto bado ana miaka sita, njoo umlee.' Nikacheka. Nikamwambia, 'Baba, kwa miaka sita naweza kukutengenezea karakana mpya kabisa.' Kesho yake nikaandika barua ya kuacha kazi."

"Hakukudanganya."

"Najua. Angenidanganya ingekuwa nafuu, ningemkasirikia." Alitembea kidogo. "Baba mdogo, miezi hii iliyobaki ni ya kweli? Au kuna tarehe nyingine umeiweka mfukoni?"

"Ni ya kweli. Siku ya kuwasilisha yenyewe haihesabiwi. Miaka inaanza kesho yake, na siku ya mwisho ni yenu hadi inaisha. Ada ya mwaka wa mwisho imelipwa. Hakuna nyingine."

"Basi barua iandikwe. Lakini iandike vizuri. Yule wa Nzega alinifundisha kuendesha baiskeli."

Niliiandika kesho yake baada ya misa, kwa Kiswahili chepesi. Nilieleza kwamba chujio lina hataza, kwamba hataza hiyo inadumu hadi mwisho wa Juni ijayo, na kwamba tangu siku inayofuata hakuna atakayemzuia. Nilimpelekea rafiki yangu aisome. Aliisoma mara mbili, akafika pale penye tarehe, akaweka kidole.

"Lazima umwambie siku?"

"Akiuliza, ofisi itamwambia. Bora aisikie kwetu."

"Wewe ungekuwa mfanyabiashara, ungeuza duka pamoja na funguo." Lakini alitia saini, kwa zile herufi za duara ambazo padre alitufundisha sote, na ambazo sasa ni wachache wanaoziandika.

Fundi wa Nzega alijibu kwa simu, na rafiki yangu akaiweka wazi ili tusikie. "Mwangaluka, mzee. Shikamoo. Barua nimeipata. Nimeacha. Nilidhani lile lilikwisha siku nyingi, maana Kulwa haonekani tena sokoni, nikajua na Doto keshamfuata."

"Marahaba," rafiki yangu alisema. "Kumbe hata wewe ulijua wanakwenda pamoja?"

"Mapacha, mzee. Wanakwendaje?"

Alikata simu, akanitazama kwa jicho ambalo nalijua tangu darasani, la mtu aliyesahihishwa na watu wawili kwa kosa moja. Kisha akasema tunywe chai.

Miezi ile nilikwenda karakanani mara nyingi kuliko nilivyokuwa nimezoea. Binti alifanya kazi kama mtu anayekimbizana na mvua. Alipanga upya meza, akatengeneza vipimo vya mbao ili kila pipa litoke sawa na jingine, akawaita wakulima wa Sikonge waje wenyewe waeleze kinachowaudhi. Baba yake alikaa juu ya pipa lake, akikosoa kila kitu na kuonyesha furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mkewe alipofariki. Walibishana kuhusu vitambaa, walibishana kuhusu mkao wa miguu ya pipa. Nami nilikaa pembeni na kitabu, kama zamani maktabani, isipokuwa sasa nilikuwa upande wa asali. Mei ilipofika, harufu ya masega mapya ikajaa karakanani, na nadhani kila mmoja wetu watatu, bila kusema, alikuwa amekubali kwamba wakati ule ni mzuri na kwamba una mwisho unaojulikana. Ni mara chache mtu huambiwa mapema siku ambayo kitu kitaacha kuwa chake.

Siku ya mwisho ya hataza ilikuwa siku ya kazi. Machujio mawili yalichukuliwa na watu wa Usoke, wakayafunga kwenye tela la trekta. Rafiki yangu aliyakagua mabomba yote mawili mwenyewe, akawaambia wasiyatie maji yanayochemka. Jioni binti alifagia, akafunga.

Kulwa na Doto walikoma siku hiyo, wote wawili. Mwezi uliofuata fundi wa Nzega alianza tena kutengeneza machujio, na kabla msimu haujaisha yalikuwapo mengine kutoka karakana mbili za Sikonge. Wanunuzi waligawanyika. Binti hakurudi Dar es Salaam; anafundisha chuo cha ufundi asubuhi, na mchana anafanya kazi karakanani na baba yake.